Mwaka Gitaa la Elija Lilipogeuka Rangi

Binti yake Mokaya aliponipigia simu kuniambia baba yake ametuacha, nilikuwa nimeshika gitaa la mtu. Hilo si ajabu, maana kazi yangu ni kushika magitaa ya watu, hapa nyuma ya soko la Bomet, katika kibanda cha mabati kidogo hivi kwamba nikitaka kubadilisha mawazo lazima nitoke nje kwanza. Lilikuwa gitaa la umeme la kijana mmoja wa kanisani, naye alikuwa amekuja kulalamika. Alinunua bluu, akasema, na sasa limekuwa kijani kama majani chai, na alitaka kujua kama aliuziwa gitaa au kinyonga. Nikamweleza kwamba juu ya ile bluu kuna vanishi isiyo na rangi, kama kioo, na vanishi ikizeeka hugeuka njano, na njano juu ya bluu ni kijani, mambo ambayo mtoto wa nasari aliye na kalamu za rangi anayajua. Nikamwambia nyekundu ikitundikwa karibu na dirisha hufifia kama soda iliyotiwa maji. Nyeupe hugeuka krimu, kisha siagi, kisha jino la mvuta tumbaku. Na baridi ya asubuhi za huku kwetu hupasua vanishi nyufa nyembamba kama za tope la mtoni wakati wa kiangazi. Nikamwambia tena kwamba ng'ambo kuna watu wanaonunua gitaa jipya lililozeeshwa makusudi, likakwaruzwa na kuchubuliwa kiwandani, na wanalipa zaidi kwa ajili ya yale makwaruzo. Tulikuwa tunacheka jambo hilo simu ilipolia. Baada ya kuongea na binti nilikaa juu ya spika. Kijana akauliza kama arudi siku nyingine. Nikamwambia arudi, bado litakuwa kijani.

Wanaonijua wanajua kwamba mimi huongeza chumvi. Nilisoma shule ya usiku nikiwa na ndevu, mwalimu wangu alikuwa mdogo kuliko koti langu, na siku niliyopata cheti nilipiga kelele hadi ng'ombe wa Longisa wakaacha kutoa maziwa. Hivyo ndivyo nilivyo, na sitabadilika sasa. Lakini kuna mwaka mmoja ambao nikiusimulia, chumvi hukaa kwenye chakula tu, na hata hapo si nyingi.

Ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tunachuma chai shamba moja, mimi na ndugu wawili kutoka upande wa Kisii, Mokaya na mdogo wake Elija. Mimi nilikuwa mtu wa pale pale, Mkipsigis wa kilima kinachofuata, lakini njaa ya saa nne haiulizi kabila, na tulikuwa tunakula pamoja mihogo iliyopoa tukiwa tumeegemea vikapu. Mokaya alikuwa mfupi, mnene wa sauti, aliimba. Mimi nilipiga ngoma, ambayo ilikuwa mtungi wa plastiki na sufuria mbili zilizotoboka. Elija ndiye aliyekuwa mwanamuziki. Alikuwa na vidole virefu hivi kwamba angeweza kumkamua ng'ombe wa jirani bila kuvuka ua. Katika nyumba za kampuni nyapara alikuwa amekataza kelele, kwa hiyo tulikuwa tunafanyia mazoezi nje ya shamba, kwa mama mzee mjane aliyeitwa Taprandich, ambaye boma lake lilipakana na chai. Hakuwa nyanya yangu wa damu. Kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya, hata nyapara, hata wale waliokuwa karibu na umri wake.

Jiko la Kogo ndilo chumba ninachokijua kuliko chochote nilichowahi kulala. Lilikuwa la duara, la udongo, na moto wake nadhani uliwashwa kabla ya Wazungu kuja na haukuzimika tena. Juu ya moto kulikuwa na dari ya fito, sisi huiita tabut, ambapo mahindi ya mbegu na kuni kavu ziliwekwa ili moshi uzilinde. Fito zile zilikuwa nyeusi zinazong'aa, kana kwamba zimepakwa vanishi, na ukigusa kidole kilinata. Ukutani vilitundikwa vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kulala, kila kimoja na mwenyewe. Cha marehemu mumewe sikukiona ukutani hata siku moja, wala sikuwahi kuuliza. Ugali wa Kogo ulikuwa mkubwa hivi kwamba ungeuweka barabarani, lori la chai lingetafuta njia ya kuuzunguka. Aliupika na kuweka mboga ya isagek, chungu kidogo, na maziwa yenye madoa ya mkaa. Kiswahili chake kilikuwa kama kiganja cha mahindi, lakini kilimtosha kwa amri. Elija akianza kuchomeka waya kabla ya kunawa mikono, Kogo alisema, "Kula kwanza. Musiki paatae."

Gitaa lile Elija alilinunua kwa mzee mmoja aliyepiga muziki katika hoteli ya Kericho mjini. Alikuja nalo limefungwa kwenye shuka, akalifungua jikoni kwa Kogo kama anayefungua mtoto. Lilikuwa jeupe. Nimeona weupe mwingi tangu siku ile, nimeona mabibi harusi na nimeona theluji kwenye televisheni, lakini weupe wa lile gitaa katikati ya jiko lile jeusi ulitufanya tusogee nyuma. Kogo alilitazama, akauliza limezaliwa na ng'ombe gani. Mokaya akaligusa, Elija akampiga mkono. Kuanzia hapo Elija alinawa kwa sabuni kabla ya kulishika, na kila baada ya mazoezi alilipangusa kwa kitambaa laini, kwenye shingo, kwenye kingo, chini ya nyuzi. Mokaya alimwambia, "Wewe ukioa, bibi yako ataoga mara mbili kabla ujue jina lake." Elija hakujali. Yule mzee wa hoteli alikuwa amemwonya kwamba nyeupe haikai, hata ulifungie sandukuni itageuka tu, polepole, kutoka ndani ya vanishi yenyewe. Elija alilichukulia onyo lile kama mtu aliyeambiwa tarehe ya kifo chake. Alilipeleka kwenye mwanga wa mlango kila Jumapili, akaliinamisha huku na huku. "Rono, hebu angalia, imeanza njano?" Nilimwambia bado. Ilikuwa kweli. Halikuwa limeanza.

Krismasi ya mwaka uliotangulia walikwenda nalo kwao. Mokaya alinisimulia mara nyingi jinsi mama yao alivyocheka mpaka akaweka chini ungo wa wimbi. Alisema mwanawe ametoka kuchuma chai akarudi na yangeyange, yule ndege mweupe wa malishoni. Akalishika, akaona alama za vidole vyake zimebaki juu yake, akazifuta kwa kanga. Kisha akawa mkali. Alikuwa amesikia habari za wezi wa kule mashambani, akamwambia Elija asimwachie mtu gitaa lile hata siku moja, hata ndugu yake. Elija akaahidi. Mokaya aliposimulia sehemu hiyo aliigiza ule uso wa kuahidi, na sisi tulicheka. Niliyakumbuka maneno hayo baadaye, sisi sote tuliyakumbuka, kwa sababu mwaka mzima wa mama yule ulikaa juu ya ahadi hiyo.

Fujo hazikuja kama mvua ya mawe. Zilikuja kama harufu. Kwenye mizani ya majani ulisikia mtu anamtania mwenzake kwamba mwaka huu atachuma majani ya ndizi kwao, na watu wakacheka, hata Mokaya. Kwenye mkahawa wa senta mazungumzo yalikuwa yanakatika ukiingia, kisha yanaanza tena juu ya bei ya mbolea. Wazee walikuwa na mikutano ambayo sisi vijana wa pale hatukuambiwa, na vijana wengine waliambiwa. Kisha siku moja mchana, nilikuwa kwa Kogo ninakunywa uji, tukaona moshi umesimama nyuma ya kilima, halafu mwingine, halafu mwingine, kama mtu anayepanda miti. Elija akaingia kwa kupita uani, gitaa limefungwa kwenye shuka lake. Mokaya alikuwa amepeleka betri yetu ya spika senta ikachajiwe. Elija aliweka gitaa juu ya magoti ya Kogo. "Kogo, nishikie hii," akasema. "Naenda kumwita Mokaya, narudi."

Hakujua kwamba Mokaya alikuwa tayari juu ya lori lililokuwa linawabeba watu wa kwao kuwapeleka kwenye uwanja wa kituo cha polisi. Mokaya naye alipanda lile lori kwa sababu mtu alimwambia Elija yuko mbele, karibu na dereva. Hiyo ndiyo habari yote, na hakuna mtu aliyewahi kunieleza zaidi. Jioni ile paa nyingi za upande wa pili hazikuwepo. Elija hakuwa uwanjani kwa polisi, hakuwa hospitalini, hakuwa kanisani walikolala wengine. Alitoka kwa mlango wa jiko la Kogo akielekea senta, na senta si mbali.

Kesho yake nilimkuta Kogo ameketi na gitaa mapajani, bakuli la samli kando yake. Alikuwa analipaka. Alilipaka mbele na nyuma na shingo, akazipaka hata nyuzi, kwa kiganja, taratibu, jinsi wanavyopaka kibuyu kipya kisipasuke. Kisha akaligeuza akitafuta kitu, akakipata, lile tundu la kuingizia waya, akaliziba kwa kitambaa alichokikaza kwa kidole gumba. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema mti ukikauka hupasuka, na wadudu wanapenda mti usio na mafuta. Akaniambia nipande nililaze kule juu kwenye tabut, mahali moshi unapopita. Nilipanda, nikalilaza kati ya mahindi ya mbegu. Nilidhani ni busara. Leo mtu akiniletea gitaa lililopakwa samli nitamfukuza na bisibisi, lakini wakati ule sisi tulijua njia moja ya kutunza kitu cha mti, na njia hiyo ilipita juu ya moto.

Basi nikaanza kuliona linavyogeuka. Nilipanda pale kila nilipopata sababu, nikijifanya natafuta kuni. Kwanza kingo zilikuwa kama siagi. Kisha mwili wote ukawa wa chai ya maziwa mengi, chai ya mgeni. Mvua za masika zilipoanza na moto ukawa unachochewa mchana kutwa, likawa chai ya maziwa kidogo, halafu chai ya mkandaa, na mwishowe, mahindi yalipokuwa yanabeba, sikuweza tena kuona lilipoishia gitaa na zilipoanzia fito. Samli ilikuwa imeshika masizi, masizi yameshika samli, vyote vimekauka pamoja vikawa ngozi moja nyeusi yenye mng'aro. Jua la dirishani lingehitaji miaka thelathini hata kufika nusu ya njia ile. Ninapowaeleza vijana habari za vanishi na mwanga na hewa, huwa nawaambia kuna kitu cha nne, na hawaniulizi ni kipi kwa sababu nabadilisha maneno. Nilikuwa ninaendelea kuchuma chai. Mstari wa Mokaya na Elija walipewa watu wengine. Jioni nilikula kwa Kogo, tukiwa wawili, na ule ugali sasa ulikuwa wa kawaida.

Mokaya alirudi wimbi lilipokuwa likivunwa kwao. Wanawake ndio waliofungua njia. Wanaume wa pande zote mbili walikuwa bado wanatazamana kwa macho ya panga, lakini wanawake wa huku walikuwa wamechoka kukosa ndizi na wa kule wamechoka kukosa maziwa, na soko la mpakani likaanza tena kimya kimya, kama mtu anayeingia kanisani akiwa amechelewa. Mokaya alikuja katikati ya wanawake hao, amebeba gunia la mwenzake, kofia imeshuka mpaka kwenye pua. Alikuwa amekonda hivi kwamba nilimtambua kwa sauti. Kogo alimsalimu kwa mikono miwili, hakuiachilia, akamketisha, akampikia. Alikula mpaka akamaliza.

Kisha akatueleza habari za nyumbani. Mama yake alikuwa hajakubali. Watu walikuja na maneno, wazee walikuja, mchungaji alikuja, na kila mmoja aliulizwa swali moja tu, gitaa liko wapi. Elija aliahidi hatamwachia mtu, mama alisema, kwa hiyo mahali lilipo yupo, na kama halijaonekana basi linatembea naye mahali, pengine Tanzania, pengine Nairobi. Kila jioni alimwekea chakula kwenye sahani, akakifunika. Aliyejaribu kulia pale bomani alifukuzwa. Baba yao mdogo alitaka wakae matanga, akafukuzwa naye. Majirani waliacha kuja kwa sababu hawakujua kama wanakuja kwenye msiba au kutembea tu. "Hatujalia," Mokaya akasema. "Mwaka mzima, Rono. Mimi nalilia shambani kama mwizi." Akasema amekuja kuona kama gitaa lilibaki hapa, alichukue. Mama akiliona mikononi mwake, bila Elija, ataamini. Ni hilo tu lililobaki.

Nikamwona Kogo anatazama moto. Nilipanda nikalishusha. Nililipangusa kwa mkono wa shati nikiwa bado juu, nikitumaini, na shati likaharibika na gitaa halikubadilika. Mokaya alilipokea, akaligeuza, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga kama alivyokuwa akifanya mdogo wake.

"Hii si yenyewe," akasema.

Nikamwambia ndiyo yenyewe. Akanitazama usoni. "Rono, mimi sina hasira. Niambie tu. Mliiuza?" Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulioniumiza, kwa sababu ulikuwa upole wa mtu aliyejiandaa njiani. Nikamweleza habari za samli na moshi, nikiruka kutoka lugha hii hadi ile ili Kogo asikie, na Kogo akatikisa kichwa kukubali. Mokaya alichukua majivu jikoni, akaomba mafuta ya taa na waya wa kusugulia sufuria, akaketi nje kwenye nyasi, akaanza.

Sijawahi kuona mtu akisugua kitu namna ile. Masizi yalitoka kwanza, maji meusi yakamtiririka hadi kwenye viwiko, na chini ya masizi kukatokea njano nzito kama jino la farasi. Akasema sasa inakuja. Akaongeza majivu. Njano haikuondoka, kwa sababu ilikuwa imeingia ndani ya vanishi, si juu yake, na alipozidi kukaza waya vanishi yenyewe ikaanza kung'oka vipande, na chini yake hakukuwa na weupe, kulikuwa na mti. Mti tu, kama mpini wa jembe. Mokaya akahamia sehemu nyingine, nayo ikafunguka mti. Kogo akatoka, akaweka mkono wake juu ya ule mkono wenye waya, na Mokaya akaacha.

Nilikuwa nimekumbuka lile bamba la plastiki linalokaa chini ya nyuzi. Nikafungua skrubu zake kwa ncha ya kisu cha jikoni, nikaliinua. Chini yake, mahali ambapo moshi haukufika wala samli wala mwanga, palikuwa na kipande cha umbo la bamba lenyewe, cheupe kabisa. Cheupe kama gitaa lenyewe siku ile ya shuka. Mokaya akalitazama, akainamisha uso wake akalikaribia kana kwamba anataka kunusa. Mabega yake yakashuka. Aliniambia samahani, kwa Kiswahili, kisha akamwambia Kogo, na Kogo akasema hakuna. Lakini alipoinuka alikuwa na uso ule ule wa mwanzo. Mama hatakubali kipande, akasema. Mama anamjua yangeyange mzima. Atasema Wakipsigis wamempa gitaa la mtu mwingine ili anyamaze, na jioni ataweka sahani.

Kogo aliniuliza amesema nini. Nikamwambia. Akaingia ndani, akatoka na shuka safi na fimbo yake. "Tutaenda wote," akasema. "Mimi ndiye nililipaka." Mokaya akamwambia huko bado si kuzuri kwa Wakipsigis. Kogo akajibu, nami nikatafsiri, kwamba mtu akitaka kumuua mama mzee wa umri wake afanye haraka kabla magoti hayajamaliza kazi hiyo. Huo ndio mzaha pekee ninaoukumbuka wa siku hizo, na haukuwa wangu.

Tulivuka siku ya soko, katikati ya wanawake, mimi nimebeba gitaa ndani ya gunia la mkaa. Watu wa upande ule walitutazama, wakamwona Kogo, wakaangalia kwingine. Boma lao lilikuwa ndani ya migomba, safi, limefagiwa. Mama yao alikuwa ameketi mlangoni na ungo wa wimbi, mwanamke mrefu, vidole vya Elija. Hakuuliza tumekuja na nini. Alituletea maji ya kunawa, akatuletea ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga na maziwa, akasimama mpaka akaona tumekula. Nilikula. Nimekula katika maisha yangu chakula ambacho kingeweza kulisha reli nzima ya Kipkelion, lakini ule ugali niliumeza kama mtu anayemeza ufunguo.

Mokaya akatoa gitaa kwenye gunia, akaliweka mbele yake, akaondoa bamba akamwonyesha ule weupe. Mama alitazama mara moja. Alisema kwa lugha yao, na nilielewa bila kutafsiriwa, kwamba hilo silo. Kisha akachukua ungo wake. Kulikuwa na uso wa ushindi kidogo pale, Mungu anisamehe, uso wa mtu ambaye mwanawe amekuwa hai siku moja zaidi.

Kogo akaanza kuongea. Alisema Kikipsigis, mimi nikaweka kwa Kiswahili, Mokaya akaweka kwa Kikisii. Alisema gitaa hili lilikuwa jeupe na yeye ndiye aliyelifanya jeusi, kwa samli na moshi. Alisema, na mimi nikasema, kwamba katika nyumba aliyozaliwa, kibuyu cha mtu aliyesafiri huachwa ukutani, mdomo wazi, kimsubiri. Sijui kama ni desturi ya kwetu sote au ya nyumba yao tu. Alisema, na mimi nikasema, kwamba kibuyu cha mtu asiyerudi hupakwa samli, huzibwa mdomo, hupandishwa juu ya moto, kisiguswe. "Hiki nilikipandisha siku ya pili," nikatafsiri, na maneno yalikuwa yamekwisha kutoka ndipo nikasikia nilichosema. Nikaliona lile tundu la waya na kidole gumba chake.

Mokaya hakutafsiri. Mama akamtazama, akangoja. Halafu akaweka ungo chini na kusema nami kwa Kiswahili, Kiswahili cha sokoni, kizuri kuliko changu.

"Nimesikia. Muulize siku ya pili alijuaje."

Nikamuuliza. Kogo hakunitazama mimi, alimtazama yule mama. "Nilimwona kijana wa kwetu akipita njiani," alisema, na mimi nikasema, "amevaa koti la Elija."

"Koti gani?"

"La kahawia. Mfuko umeshonwa kwa uzi mweupe."

Mama yake Elija aliangalia mikono yake, akaigeuza. "Uzi wa kahawia ulikuwa umeniishia," akasema.

Kisha akalivuta gitaa mapajani, upande mweusi juu, akaweka kiganja pale ambapo kile cha Kogo kilikuwa kimepaka samli, na sauti ikamtoka. Sitaieleza. Kogo alijikokota kwa magoti mpaka akafika alipo, akamshika kichwa, na Mokaya akatoka nje akashika mgomba akalia kwa nguvu zake zote, mchana, uani kwao. Watu walianza kuja, kutoka mashambani, kutoka mtoni, wengine wamebeba majembe. Kila aliyefika aliniuliza mimi, mgeni niliyesimama mlangoni, ni nani aliyekufa, na kwa mara ya kwanza mwaka ule kulikuwa na mtu wa kujibu. Nikawaambia ni Elija.